Je, Ruhusa ya Serikali Yatosha Kuhalalisha Jambo?

Baada ya darsa yetu, mzazi mmoja alileta suali ambalo yatupasa sote kulizingatia. Kijana wake anakaa Toronto, nchi ya Kanada, na amepanga nyumba pamoja na wenzake. Mmoja wao amepanda miche minne ya bangi chumbani, na kila asafiripo humwomba kijana huyo aimwagilie maji. Kijana ameandika: "Baba, hapa serikali imeruhusu. Mimi sivuti wala siuzi. Kosa langu ni lipi?"

Kwanza na tulijue jambo lenyewe, maana kuhukumu kitu bila ya kukijua si katika insafu. Kanada ilihalalisha bangi tarehe 17 Oktoba 2018. Sheria ya nchi yaruhusu kila nyumba miche isiyozidi minne, na jimbo la Ontario, ulimo mji wa Toronto, lafuata hivyo. Jimbo la Quebec lilikataza kupanda majumbani, na mwaka 2023 mahakama ya juu ya nchi ikaamua kuwa lina haki ya kukataza. Basi hata ndani ya nchi moja ruhusa haikuwa moja.

Na wakati wa baridi, theluji ikiwa imefunika ardhi, mmea huu haumei huko illa ndani ya nyumba, kwa hila. Mpandaji huwasha taa kali kwa saa 18 kila siku ili mche ukue. Kisha huupunguzia mwanga hata ukawa saa 12, na saa 12 nyengine giza tupu. Mmea hudhani siku zimekuwa fupi, ukatoa maua, na maua ndiyo yatakiwayo. Hutia feni, na chujio la mkaa ili harufu isiwafikie majirani. Wataalamu wa chuo kikuu cha Colorado State, Marekani, walikadiria mwaka 2021 kuwa kilo moja ya maua makavu yaliyokuzwa ndani kibiashara nchini mwao husababisha kilo 2,283 hadi 5,184 za hewa zitiazo dunia joto, kwa kadiri ya mahali.

Ujuzi huu si aibu. Aliyeweza kuufanyia mmea jua lake chini ya theluji amepewa neema kubwa, na kwa taa hizo hizo aweza kuotesha mboga za kulisha watu. Lakini ustadi haujitakasi wenyewe. Hutakaswa na makusudio yake. Kuteketeza umeme wote huo ili mtu apate kuondoa akili yake kwa saa chache, kama huo si israfu, basi israfu ni nini?

Wala tusiwadhulumu watu wa Kanada. Waliotunga sheria ile walisema wataka kuwakinga vijana na kuwanyima wahalifu faida. Hiyo ni hoja ya siasa, na yaweza kusikilizwa. Lakini serikali isemapo "hatutakufunga", haikusema "umefanya wema". Hapana askari amkamataye mtu kwa kumnunia mamake au kumsengenya jirani yake. Je, mambo hayo ni mema? Sheria ya nchi huweka mpaka wa adhabu, haiweki mpaka wa uadilifu.

Wanazuoni wetu walilijadili jani hili karne nyingi kabla ya taa hizi, miongoni mwao Ibn Taymiyya na Zarkashi. Walikhitalifiana kama hukumu yake ni ya mvinyo khasa, na juu ya adhabu yake. Lakini kulitumia kwa ajili ya kulewa walikukataza, kwa kuwa akili ni amana. Ama mgonjwa aliyeandikiwa dawa na tabibu kwa dharura, huo ni mlango mwengine.

Basi jawabu kwa kijana ni hili: kumwagilia si kuvuta, lakini ni kusaidia, na asaidiaye ajua matunda ya kazi yake. Na amwambie mwenzake kwa adabu: "Ndugu yangu, nyumba nitakulindia na barua nitakupokelea, lakini hili uniwie radhi." Asimtukane wala asigombane naye.

Lakini suali zito zaidi ni letu sisi wazazi. Kijana huyu alipokuwa hapa, tulimwambia bangi ni mbaya kwa sababu gani? Wengi wetu twasema: "Polisi watakukamata." Sasa amefika mahali ambapo polisi hawamkamati, na mafunzo yetu yamebaki mikono mitupu.

Nasi wenyewe tuna lipi la kujivunia? Twakaa barazani na miraa toka alasiri hata usiku wa manane, na tukiulizwa twajibu kuwa serikali haikukataza. Ni kweli, mwaka 2016 sheria ya Kenya iliitambua kuwa zao la biashara. Lakini Uingereza iliipiga marufuku mwaka 2014. Je, jani lilibadilika lilipovuka bahari? Au sisi ndio tusio na mizani yetu wenyewe?

Tuwafundishe watoto wetu sababu, wala si khofu ya askari. Askari hubaki bandarini. Sababu husafiri na mtu. Na Mwenyezi Mungu ndiye Mjuzi zaidi.