Tomaso na Theluji ya Kibo

Jumapili moja baada ya ibada, mnada ukiwa umechangamka nje ya kanisa letu hapa Marangu, chini ya Kibo, kilele cha Kilimanjaro, kijana niliyemfundisha jiografia shule ya msingi alishinda mkungu wa ndizi, akautua miguuni pangu. Siku hizi ni mgumu, anabebea wageni mizigo mlimani.

"Shikamoo, mwalimu. Ulitufundisha kwamba ikifika 2020 Kibo atakuwa kipara. Mbona bado ana mvi?"

Watu wakaangua kicheko. Mzee mwenzangu wa kanisa akadakia: "Mungu ana agano na Nuhu, mwalimu. Dunia hii haiharibiwi na moshi wa magari."

Nikajibu kwa hasira, na mwenye hasira hafundishi. Nikarudi nyumbani kihambani na swali moja: aliyekosea tarehe, je, ameukosea na ukweli?

Nilifundisha hivyo kweli. Mwaka 2000 mwanasayansi Lonnie Thompson wa Marekani alitoboa barafu ya Kibo, na mwaka 2002 yeye na wenzake wakaandika kwamba, ikiwa hali itaendelea vilevile, huenda barafu yote ikatoweka kati ya 2015 na 2020. "Ikiwa" na "huenda" yalikuwemo. Mimi nilipoishika chaki niliyaacha yote mawili, nikaandika: itakwisha. Nilidhani watoto hawaogopi "huenda". Huo ulikuwa uongo mdogo wa mtu mwenye nia njema, nao ndio unaozaa wabishi.

Wanasayansi wenyewe walibishana. Georg Kaser na Thomas Mölg walionyesha kwamba kileleni halijoto iko chini ya nyuzi sifuri karibu wakati wote. Kwa hiyo barafu ya Kibo hailiwi na hewa ya joto tu. Inaliwa zaidi na jua kali na hewa kavu, na theluji mpya imepungua tangu mwishoni mwa karne ya 19. Waliokuwa wakitafuta pa kujificha wakashangilia: mmeona, hakuna ongezeko la joto! Lakini Kaser huyohuyo alikuwa miongoni mwa waandishi wa ripoti za jopo la Umoja wa Mataifa la mabadiliko ya tabianchi. Madaktari wawili wakibishana kidonda cha mguuni kimetokana na nini, hawajasema kwamba mgonjwa hana homa.

Na homa ipo. Tangu 1859 John Tyndall alipima maabarani akaona kwamba hewa ya ukaa hunasa joto. Mwaka 1958, juu ya mlima Mauna Loa kule Hawaii, hewa hiyo ilikuwa sehemu kama 315 kwa kila milioni. Leo imepita 420. Tena tabaka la juu la angahewa linapoa huku la chini likipata joto. Lingekuwa ni jua peke yake, yote mawili yangepata joto.

Sasa turudi kwenye imani. Tarehe 11 Mei 1848 mmisionari Johannes Rebmann aliona weupe juu ya mlima wetu. Kiongozi wake wa njia hakuwa na jina la kitu kile, akakiita baridi tu. Habari zilipofika London, mwanajiografia William Desborough Cooley, ambaye hakuwahi kuikanyaga Afrika, akakataa katakata: theluji haiwezi kuwepo karibu na ikweta. Msomi alipinga akiwa kitini, na mtu wa Injili ndiye aliyeamini macho yake.

Mtume Tomaso naye alishuku, tukambandika sifa mbaya hadi leo. Lakini Tomaso aliomba kuona na kugusa, na alipoonyeshwa alikiri. Cooley aliendelea kukana hata baada ya msafiri mwingine, von der Decken, kuithibitisha theluji ile. Shaka ya Tomaso ina miguu, hutembea kwenda kwenye jambo lenyewe. Shaka ya Cooley inakaa tu, inangoja kushinda.

Kuhusu Nuhu, nimemwambia mzee mwenzangu hivi: agano lile linamfunga Mungu asituletee gharika tena. Halitufungi sisi mikono tusijiletee maafa. Kujua moshi unafanya nini hakumpunguzii Muumba utukufu, kama vile kujua mfongo, mfereji wetu wa maji, unakopitia hakukufanyi usahau kushukuru kwa maji.

Jumapili iliyofuata nilimtafuta yule kijana. Nikamwambia mbele ya watu walewale kwamba nilikosea, nililiondoa neno "huenda". Kisha nikamtajia vipimo: mwaka 1912 barafu ya Kibo ilikuwa kama kilomita 12 za mraba, na mwaka 2011 haikufika 2.

Akacheka. "Hilo huhitaji kuniambia, mwalimu. Nikipeleka wageni wanaolala kreta, naipita barafu ya Furtwängler. Imepasuka vipande. Mimi sikubishia barafu, nilibishia ule mwaka wako."

Kumbe muda wote nilimdhania Cooley, naye ni Tomaso. Ndugu msomaji, kabla hujamwita mtu mbishi, muulize kwanza anabisha nini. Na wewe unayefundisha, usilifute neno "huenda" ubaoni.