Mshindi Aliyejihesabu Ameshindwa

Mtu akipigana vita ya haki, akashinda, kisha akatambua ya kuwa katika kushinda kwake amewaponda wasio na hatia, je, astahili kuitwa mshindi? Swali hili ni la kale, na wazee wa kila taifa wameliamua kwa namna yao. Lakini liliulizwa pia mahali ambapo hakuna mtu angalitazamia kulikuta, yaani katika kijitabu cha picha walichouziwa watoto wa Marekani. Jibu lililotolewa humo si jepesi, na lafaa kupimwa polepole.

Kijitabu hicho chaitwa The Transformers. Kampuni ya Marvel ilianza kukitoa mwaka 1984, na kusudi lake halikufichwa: kampuni ya Hasbro ilitaka kuuza vichezeo vyake, magari madogo na ndege ndogo ambazo mtoto akizikunjua hugeuka kuwa mtu wa chuma. Hapo mwanzo yalikusudiwa matoleo 4 tu. Watoto wakayapenda, yakafika 80, na la mwisho likatoka mwaka 1991. Kitu kilichozaliwa sokoni hakitazamiwi kufundisha dhamiri. Hata hivyo Bob Budiansky, mtungaji wa matoleo mengi ya miaka ile ya kwanza, aliweka ndani yake mambo mazito kuliko bidhaa yenyewe.

Hadithi yasimulia habari za sayari iitwayo Cybertron. Wenyeji wake si watu wa nyama na damu, bali ni roboti, maana yake mashine zenye akili na utashi, zinazojua kupendana na kuchukiana. Wamegawanyika majeshi mawili. Autobots, chini ya jemadari Optimus Prime, hutaka amani. Decepticons, chini ya Megatron, hutaka kutawala vyote vilivyopo. Vita yao iliiharibu sayari, kisha ikafika duniani kwetu katika merikebu ya angani. Optimus Prime mwenyewe ndiye aliyeiangusha merikebu hiyo kwa kusudi, akiona ni afadhali wote waangamie pamoja kuliko adui afaulu. Wakalala miaka milioni 4 ndani ya mlima wa moto, hata mlima ulipotikisika mwaka 1984 wakaamka na kuendelea kupigana. Tendo lile la kuangusha merikebu lisisahauliwe. Aliyekwisha kutoa uhai wake mara moja, pamoja na uhai wa wenzake, huzoea kuutoa.

Sasa lafuata jambo lenyewe. Katika toleo la 24, lenye tarehe ya Januari 1987, majeshi hayo yalikutana mahali palipokuwa na chombo kipya cha kupata nguvu kutoka katika maji ya bahari. Kila upande ulikitaka. Kijana mmoja, Ethan Zachary, fundi wa kompyuta aliyependa michezo kuliko kazi aliyoajiriwa kuifanya, akatoa shauri: badala ya kubomoa kila kitu, wapigane ndani ya mchezo wa kompyuta. Miili yao ikabaki nje, na akili zao zikaingia katika nchi ile ya kuwaziwa tu, yenye misitu na milima na viumbe wake. Sharti likawekwa, na wote wawili wakalikubali: jemadari atakayeshindwa mchezoni, mwili wake utalipuliwa kweli.

Megatron alipita katika nchi ile kama moto wa kiangazi. Optimus Prime aliwataka watu wake wawahurumie waliokaa humo. Hata hivyo, mwishoni, alipokabiliana na adui yake peke yao, alimshinda kwa tendo lililowaangamiza baadhi ya viumbe wale. Kwa sheria ya mchezo ushindi ulikuwa wake, wala hakuna aliyeubishia. Lakini alipotoka nje alisema kwamba ameshindwa, kwa sababu amewaacha wasio na hatia wafe ili yeye ashinde, na akataka sharti litimizwe juu yake. Wenzake wakakataa, wakamsihi. Hakusikia. Ethan Zachary akabonyeza kitufe, na mwili wa jemadari ukapasuka vipande vipande.

Wengi waliosoma toleo lile wameona kwamba huo ni upuuzi. Viumbe wale, wasema, walikuwa picha za mwanga tu. Hakuna mama aliyewalilia. Mchezo ukiwashwa upya, wanasimama tena kana kwamba hakuna lililotokea. Je, mtoto aliyevunja ng'ombe wa udongo ameua ng'ombe?

Hoja hii ina nguvu mdomoni mwa mwanadamu. Mdomoni mwa Optimus Prime haina. Yeye naye ni kitu kilichoundwa. Mishipa yake ni nyaya, na nguvu zake zatoka kwenye mashine. Duniani humu wapo wanadamu wengi waliomtazama wakaona gari tu. Akisema kwamba kilichoundwa kwa mikono hakistahili kuhurumiwa, amejitolea hukumu mwenyewe na kabila lake zima. Tena, ni yeye aliyeanza kuwaheshimu viumbe wale. Walipokuwa hawamgharimu kitu, aliwahesabu kuwa na thamani. Je, aweza kuwahesabu kuwa si kitu saa ile tu anapohitaji kuwakanyaga? Kipimo kinachobadilishwa siku ya kulipa si kipimo. Basi kosa lake halipimwi kwa machozi ya waliokufa. Lilikuwa ndani yake, na hapo alilisoma sawasawa.

Lakini kulitambua kosa ni jambo moja, na kuchagua malipo ni jambo jingine. Hapa ndipo jemadari huyu alipokosea, ingawa wasomaji wachanga walimsifu. Uhai aliouweka rehani haukuwa wake peke yake. Mtemi mwenye deni la mbuzi hulipa kutoka zizi lake. Akichukua mbuzi wa wajane, hata kama deni ni la kweli, amezidisha kosa. Jeshi la Autobots lilikuwa katika nchi ya ugeni, likiwindwa na adui asiye na huruma, na siku ile liliachwa bila kichwa. Nani alilipa deni la Optimus Prime? Walilipa wale waliomsihi.

Angaliweza kutangaza mbele ya wote kwamba amevunja kanuni yake, akakiacha chombo kile, akaishi na aibu yake huku akiwaongoza watu wake kwa unyenyekevu zaidi. Njia hiyo ni ndefu, na kila asubuhi huanza upya. Kifo kilimpumzisha mara moja. Itasemwa kwamba alitoa neno lake, na neno la mwungwana halirudishwi. Ni kweli, lakini sharti lilimdai atakayeshindwa mchezoni, naye mchezoni hakushindwa. Hukumu aliyoitimiza aliitunga mwenyewe, akawa mshitaki na hakimu kwa pamoja. Na mwenye kosa akiwa peke yake hakimu wa nafsi yake, hukumu hupotoka, mara nyingi kwa ulegevu, na mara chache, kama hapa, kwa ukali.

Yule fundi naye hakubaki bure. Kabla ya mlipuko alikuwa amehifadhi akili ya Optimus Prime katika diski, kibamba chembamba cha kompyuta ambacho mtu aweza kukitia mfukoni, na mwaka 1988 hadithi ikampa jemadari mwili mpya. Wauza vichezeo hawapendi kuzika bidhaa.

Megatron ndiye aliyepata taabu kuliko wote. Alikuwa amesimama pale pale, akaona kwa macho yake adui akilipuka. Na katika toleo la 25 asumbuka, akihangaika huku na huku, kwa maana hawezi kusadiki kwamba Optimus Prime amekufa. Autobots walijua vema kwamba amekufa. Wao walikuwa na maiti ya kuzika, na adui aliyekuwa angali anawawinda.