Mchele wa Noeli na jina la mtu

Kwetu Butembo mwezi wa kumi na mbili ukianza, watoto wanaanza kuhesabu siku. Noeli ni mchele, nyama na nguo mpya, na Bonane vilevile. Jirani akikaanga nyama, harufu haiulizi kama kwako iko pesa. Njo maana mzazi maskini anaogopa vakansi kuliko masomo. Mtoto akifukuzwa juu ya minervali, baba anaweza kwenda kwa prefe kuomba muda. Noeli, utaiomba muda kwa nani?

Komite ya wazazi inajua familia hizo kuliko mtu yeyote. Inajua mtoto gani anakuja na kaye moja kwa kozi zote. Tangu mauaji ya eneo la Beni yalipoanza Oktoba 2014, madarasa yetu yamepokea watoto wa Oicha, Mbau na Eringeti, wanaolala kwa shangazi watu kumi katika chumba kimoja. Juu ya hayo ikaja Ebola, Agosti 2018 mpaka Juni 2020, ikaacha wajane na mayatima. Siku ya Noeli ya 2021, bomu ililipuka mjini Beni kati ya watu waliokuwa wakisherehekea. Basi siulizi kama inafaa kusaidia. Ninalouliza ni hili: namna gani kumpa mtu mchele bila kumnyang'anya heshima yake?

Nieleze kosa letu. Miaka michache iliyopita, siku ya kufunga kwa Noeli, komite ilisimamisha wazazi wote uwanjani. Sekretere akasoma majina kumi na manne, na kila mmoja akapita mbele kupokea kilo tatu za mchele, chumvi na sabuni. Picha zikapigwa. Mama mmoja aliitwa mara mbili, hakusimama. Binti yake, mwanafunzi wangu, alikuwa anaangalia viatu vyake. Vakansi ilipokwisha, binti hakurudi. Nikamfuata mama pale anapouzisha ndizi kando ya barabara. Akaniambia, bila hasira: «Mwalimu, njaa yangu ilikuwa ndani ya nyumba. Ninyi muliitosha inje, mukaisomea watu.» Na orodha ile niliiandika mimi, kwa mkono wangu.

Wazee wetu walikuwa na njia zao. Ukifiwa, watu wanaleta kuni, maji, unga, na kwenye matanga iko kaye ya kuandika nani alitoa nini. Kaye ile haimpatishi mfiwa haya, juu kila mtu anajua siku yake itafika. Likirimba ya wamama sokoni ni hivyohivyo: leo unatoa, kesho unapokea, na anayepokea hapigi magoti, anahesabu pesa zake na kwenda. Kinachoondoa haya ni zamu. Sisi tulikopa kaye ya matanga, lakini zamu tuliiacha nyumbani.

Mwenzangu mmoja wa komite alinipinga: «Kama majina hayasomwi, mchele utakulwa na wakubwa.» Ana haki. Komite hizi zilizoea pesa tangu miaka ya 1990, wazazi walipoanza kulipa prime ya walimu. Septemba 2019 shule za msingi za serikali zikafanywa bure, lakini sekondari mzazi bado anatoa. Watu wamechoka kutoa bila kuona. Lakini kuona hesabu si kuona sura za watu. Isomwe mbele ya wote: kilo ngapi ziliingia, kilo ngapi zilitoka, kwa familia ngapi. Majina yabaki kwa watu watatu, na mmoja wao awe mama mwenyewe aliyewahi kupokea. Huyo hadanganywi kirahisi. Na mzigo upelekwe jioni, nyumbani, na mtu anayejulikana pale.

Zamu ndiyo ngumu. Nilisema kila familia ilete kitu, hata kikombe cha maharagwe, na baba asiye na kitu atengeneze benchi zilizovunjika. Mkimbizi mmoja kutoka upande wa Mbau alifanya kazi hiyo siku mbili, vizuri sana, halafu akaniuliza kama fundi wa mji tungemlipa kilo tatu za mchele. Sikuwa na jibu. Kweli, tulikuwa karibu kufanya umaskini wake kuwa mkono wa bei rahisi. Tangu siku ile ninasema kazi ilipwe bei ya kazi, na mchele uende peke yake. Tena mjane mgonjwa asiulizwe chochote: zamu yake inaweza kufika kwa mtoto wake, ao isifike kabisa, na kaye haitamudai.

Yule binti anasoma leo upande mwingine wa mji. Mama yake bado anauzisha ndizi pale pale. Nikipita ananisalimia vizuri, «Jambo, Mwalimu», na mimi ninanunua, lakini hajaniongeza hata ndizi moja, yeye anayewaongeza wateja wote.