Besi ya Nani?

Kule Brooklyn, New York, kuna karakana ya magitaa iitwayo Fodera, iliyoanzishwa mwaka 1983. Besi yao moja inaweza kupita dola 10,000. Mnunuzi huchagua mti wa kiwiliwili, mti wa shingo na idadi ya nyuzi, kisha hungoja miezi. Wenye uwezo huwa nazo mbili tatu, na jioni huketi kuzilinganisha: hii mlio wake mnene, ile inabana, ile nyingine inaimba ukipanda juu. Siwacheki. Sikio likishaonja huanza kudai, na bila wadai wa namna hiyo mafundi wangelala.

Lakini ichukue besi hiyo, kwa mawazo tu, umkabidhi kijana wa kwaya kule Mofu, bondeni Kilombero, Tanzania. Ndani ina saketi inayokula betri ya volti 9, na kama haikuwekewa swichi ya kuiruka saketi hiyo, betri ikifa besi nayo inakufa. Betri ya kubadilisha hutafutwa mjini Ifakara, na masika njia za bondeni zinajulikana zilivyo. Tuseme betri ipo. Uzi wa tano, ule mnene ambao wengi huulipia zaidi, hutikisika kama mara 31 kwa sekunde. Spika za honi zinazofungwa juu ya paa au mtini haziufikii mlio huo hata kidogo. Kijana ataupiga, vidole vyake vitauhisi, waumini hawatausikia unene wake. Kisha unyevu wa bonde utaingia kwenye mti, shingo ipinde, nyuzi zishike kutu, na chombo kilichotengenezwa kwa usahihi wa unywele kianze kukwaruza.

Besi ya Precision aliyoitoa Leo Fender mwaka 1951 haina makuu hayo: sumaku, waya uliozungushwa, vifundo viwili, kimoja cha ukubwa wa sauti na kimoja cha toni. Fundi redio yeyote anaifungua na kuifunga. James Jamerson, aliyepiga besi katika nyimbo nyingi zilizovuma za kampuni ya muziki ya Motown, alitegemea Precision moja ya mwaka 1962, na nyuzi zake hakuzibadilisha mpaka ukatike mmoja. Besi hiyo iliibiwa muda mfupi kabla hajafariki mwaka 1983.

Kuna jambo jingine linalonikera kidogo. Warwick wa Ujerumani wamejipatia sifa kwa shingo za mti wa wenge, mti wa misitu ya Kongo, ambao jina lake lilipewa bendi ya Wenge Musica ya Kinshasa. Mpingo wa Tanzania nao huenda Ulaya kuwa zumari za okestra. Miti yetu inasifiwa katika midomo ya watu wenye vyombo, nasi tunaoishi nayo tunavisikia vyombo hivyo redioni.

Ila swali zito kwetu halijawahi kuwa besi ipi ni bora. Ni besi ya nani. Katika muziki wa dansi wa Tanzania, mpiga besi kumiliki besi yake lilikuwa jambo adimu. Vyombo vilikuwa vya jeshi, vya polisi, vya chama cha wafanyakazi, au vya mfanyabiashara. Bendi ya Super Matimila ya mwanamuziki Remmy Ongala ilibeba jina la tajiri mwenye vyombo, wala si la Remmy. Bendi ya Mlimani Park, iliyozaliwa mwaka 1978, ilihamia mikononi mwa shirika la DDC mwaka 1983. Mwaka 1985 baadhi ya wanamuziki wake, Muhidin Maalim Gurumo akiwemo, wakaenda bendi ya Orchestra Safari Sound. Mwenye vyombo alibaki na vyombo. Ufundi ulitoka na watu mlangoni. Mpiga besi wa enzi hizo alijua kwamba akigombana na bosi asubuhi, jioni hana cha kushika. Ukilifikiri hilo, hamu ya mtu kuwa na besi iliyo yake peke yake haionekani tena kuwa anasa tupu. Ni uhuru.

Kwaya za vijijini zimepita njia ya tatu. Besi hununuliwa kwa michango na magunia ya mpunga, hufungiwa kanisani, na kila kijana mwenye nia huruhusiwa kuigusa siku ya mazoezi. Hapo ndipo wanapopatikana wapiga besi, kwa sababu chombo hakilali. Udhaifu wake nao unajulikana: cha wote hakina wa kukifuta jasho. Uzi ukikatika, kila mmoja hungoja mwenzake aununue, na kwaya huimba miezi na nyuzi tatu.

Kwa hiyo mimi naipa kura besi ya bei ndogo inayopigwa kila wiki, na mwenye besi nne za fahari kabatini naona anamiliki mbao nzuri tu. Lakini asiziuze kwa sababu ya maneno yangu. Wewe uliye Dar es Salaam, Muscat au Toronto, ukitaka kuwakumbuka wapiga besi wa bondeni, Fodera waachie wenye nazo. Watumie seti chache za nyuzi nne na waya mzima wa kuunganisha gitaa na amplifaya, na uwatajie jina la mtu mmoja atakayezitunza.