Mboji na Sababu ya Riziki

Katika vilima vyekundu vya Buganda, mtu akitia jembe chini ya shina la nyasi ya brakiaria, ambayo asili yake ni Afrika na ambayo leo imetanda hata katika malisho ya Brazili, atauona udongo uliogandamana na mizizi umepiga weusi, una chembechembe laini tena una unyevu; na akisogea hatua chache penye ardhi iliyokanyagwa na ng'ombe mpaka ikabaki tupu, jembe litagonga wekundu mgumu kama tofali. Mvua ni ile ile. Kilichozidi hapa na kupungua pale ni mboji, yaani mabaki ya majani, mizizi na vijidudu vilivyokufa na kuoza hata visitambulikane tena. Suala langu ni hili: je, mboji ndiyo inayoiruzuku nyasi, au ni mlango tu wa riziki itokayo kwingine?

Albrecht Thaer, Mjerumani, alifundisha mwanzoni mwa karne ya 19 kwamba mmea hula mboji yenyewe. Mwaka 1840 Justus von Liebig akashikilia kuwa chakula cha mmea ni madini na hewa, na wengi waliomfuata wakaidharau mboji. Kuhusu chakula Liebig alisema kweli, lakini dharau ile haikustahiki, na udongo wa nchi za joto ni shahidi. Udongo huu, kwa kuoshwa na mvua dahari na dahari, umebakiwa na chuma na alumini kwa wingi, navyo huikamata fosfati hata mizizi isiipate, na mfinyanzi wake hauna nguvu ya kuizuia chokaa isichukuliwe na maji. Hapo ndipo mboji inapoingia: huifunga alumini inayodumaza ncha za mizizi, huzishika zile nafasi kwenye chuma ambapo fosfati ingenaswa, nazo asidi za humiki zinazotolewa katika mboji zimeonekana majaribioni zikiichochea mizizi kuchipua matawi. Kile chakula inachokitoa yenyewe, hasa naitrojeni, hukitoa polepole. Fadhila yake kubwa ni kumfikisha mlaji kwenye chakula.

Basi kama mboji ni mlango tu, je, mlango hauna thamani? Imamu Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, alikataa kwamba moto kwa dhati yake ndio unaoiunguza pamba, kwa kuwa mtendaji ni Mola. Na wapo wanaoifanya kauli hiyo kuwa ruhusa ya kupuuza sababu. Siafikiani nao hata kidogo, maana Aliyeweza kuruzuku bila wasita, kisha akapenda kuweka wasita, hakuuweka kwa mchezo.

Na wasita huu ni wa ajabu. Mtaalamu huuroweka udongo katika magadi makali, maji yakawa meusi, kisha akatia asidi, na weusi ukatuama chini: hiyo ndiyo asidi ya humiki. Lakini mwaka 2015 Johannes Lehmann na Markus Kleber walitoa hoja kwamba kitu hicho, kwa sura hiyo, huenda kimezaliwa na magadi yenyewe, na kwamba kilichomo ardhini ni mabaki yaliyo safarini, yakizidi kuvunjika daima. Nami nimeelekea kwao. Kitu kinachofaa kwa kupita kwake, wala si kwa kutulia, hakikosi kuwa kitu.

Wanazuoni wa kalam, yaani theolojia ya Kiislamu, hukataa mzunguko wa sababu, yaani hiki kimfanye kile na kile kimfanye hiki. Ilhali nyasi hulelewa na mboji, na mboji hutokana na nyasi. Shaka hiyo huondoka tukikumbuka kwamba mizizi iliyokufa mwaka jana ndiyo inayoilea nyasi ya mwaka huu, hivyo ni mnyororo unaorudi nyuma, pete moja baada ya pete. Na katika joto letu, ambamo kuoza huenda mbio, mnyororo huo hukatika upesi pale ng'ombe wanapoyala majani mpaka mizizi ikafa bila kuacha warithi. Mfugaji anayelipumzisha konde lake mpaka nyasi irudishe majani anaitumikia sababu ambayo Mola ameiweka, na kwangu mimi hiyo ni ibada, hata ikiwa nia yake ilikuwa maziwa.