Mahali Patakatifu Si Milki, Ni Amana

Katika kisiwa kidogo cha Ortigia, kitovu cha kale cha mji wa Siracusa huko Sicilia, kuna kanisa kuu ambalo nguzo zake zilisimamishwa karne tano kabla ya Kristo. Gelon, mtawala wa mji, alimjengea hapo mungu wa kike Athena hekalu baada ya kuwashinda Wakarthago huko Himera mwaka 480 KK. Katika karne ya 7 BK Wakristo waliziba kwa ukuta nafasi zilizokuwa kati ya nguzo, wakatoboa matao manane kila upande katika kuta za chumba cha ndani, na hekalu likawa kanisa. Waislamu walipouteka mji mwaka 878, kanisa likageuzwa msikiti. Wanormani walipoingia miaka ya 1080, likawa kanisa tena, na ndivyo lilivyo hadi leo. Anayeuzuru mji huu hawezi kulikwepa swali linaloulizwa na jengo lenyewe: mahali walipoomba watu wa imani mbalimbali kwa zaidi ya miaka 2,400 ni pa nani? Nadai kwamba si pa yeyote miongoni mwa wanadamu. Mahali patakatifu hukabidhiwa watu kama amana, na kila kizazi cha waumini kitahukumiwa kwa namna kilivyoitunza.

Tofauti ya milki na amana inaonekana katika mwenendo wa Warumi wawili. Jemadari Marcellus aliuteka mji mwaka 212 KK baada ya kuuzingira kwa muda mrefu, na mali nyingi ikaporwa. Hata hivyo, kwa maelezo ya Cicero, mwanasheria na msemaji wa Kirumi, hekalu la Athena hakuligusa. Miaka 140 hivi baadaye, wakati wa amani, gavana Verres alichukua michoro iliyopamba kuta zake na kubandua dhahabu na pembe za ndovu zilizokuwa milangoni. Ni kweli kwamba Cicero alikuwa akimshtaki Verres mwaka 70 KK, na mshitaki hukoleza maneno. Lakini hoja yake isingekuwa na uzito mbele ya Warumi kama nao wasingeamini kwamba nguvu za jeshi na za serikali zina kikomo kwenye mlango wa hekalu. Mshindi aliyeweza kuchukua kila kitu alitambua kwamba kushika funguo si kuwa mwenye nyumba.

Mpinzani atasema kwamba ninapaka ukatili rangi nzuri. Nguzo hazikuachwa kwa heshima, atasema. Ziliachwa kwa sababu kuchonga mawe mapya ni gharama. Na mwaka 878 wakazi wengi waliuawa, wengine wakachukuliwa mateka. Hayo yote nayakubali. Ila tazama hoja hiyo inatufikisha wapi: kama mahali patakatifu ni milki ya mwenye nguvu, basi aliyepanyang'anya hakukosea, alikuwa na nguvu tu kumzidi mwenzake. Tunapata haki ya kuuita unyang'anyi huo dhuluma pale tu tunapokubali kwamba aliyepatwaa alikuwa na wajibu kwa waliokuwa wakiomba pale. Kwa kipimo hichohicho tunaweza kuihukumu amri ya Ferdinand na Isabella, watawala wa Uhispania, ya mwaka 1492, iliyowafukuza Wayahudi kutoka Sicilia. Bafu lao la kujitakasa, lililochimbwa ndani kabisa ya mwamba katika mtaa wa Giudecca, lilibaki limefukiwa hadi mwishoni mwa karne ya 20. Mji uliojua kutunza nguzo za Athena ulishindwa kuwatunza majirani zake. Amana si mawe peke yake.

Pingamizi zito zaidi ni la muumini mwenyewe: ikiwa wote ni wadhamini, je, si sawa na kusema kwamba imani zote ni moja, na kweli haina maana? La. Mkristo wa Siracusa hatakiwi kumkubali Athena, wala Mwislamu hatakiwi kukiri asichokiamini. Wazo la amana halikutoka nje ya dini ili kuzipunguza makali. Limo ndani yake. Mtume Paulo, ambaye Matendo ya Mitume yanasema alikaa Siracusa siku tatu akienda Roma, alihubiri kwamba Muumba hafungiki ndani ya jengo la binadamu. Uislamu nao unauhesabu msikiti kuwa wa Mwenyezi Mungu, na kilichowekwa wakfu hakiuzwi wala hakirithiwi. Anayesema kwamba nyumba ya ibada ni ya kabila lake au dola lake ndiye anayeipunguza imani yake mwenyewe, kwa kuwa anajiweka mahali pa Mungu.

Leo wanaoingia kwa wingi ni watalii, hasa tangu Siracusa iingizwe katika Urithi wa Dunia wa UNESCO mwaka 2005. Wako wanaoona kwamba utalii umepageuza patakatifu kuwa makumbusho. Hatari hiyo ipo, lakini wahenga walinena: mgeni njoo, mwenyeji apone. Kiingilio hakimfanyi mgeni kuwa mwenyewe, kwa hiyo anapaswa kunyamaza watu wanaposali na kutowafanya kitu cha kupigwa picha. Swali lake, hata hivyo, humlazimu mwenyeji kusimulia historia nzima, pamoja na msikiti uliofutwa na watu waliofukuzwa. Hapo ndipo uaminifu wa waumini unapopimwa. Kila jumuiya iliyosali kati ya nguzo zile ilidhani ndiyo ya mwisho, na tatu zimeshapisha nyingine. Heshima tunayowapa waliotutangulia ndiyo pekee tunayoweza kuiomba kwa watakaokuja baada yetu.