Dada Amerudi Nyumbani, Sasa Tufanyeje?



Leo naomba tuongee jambo la nyumbani kabisa. Mwaka jana mwezi wa kumi, nikiwa nimemaliza masomo ya falsafa na kurudi Tanga kwa mwaka wa kichungaji, dada yangu naye alirudi nyumbani. Ni mtoto wa mama mkubwa, lakini kwetu huyo ni dada, basi. Alikuwa ameondoka miaka minne. Hakwenda Dar es Salaam wala Uarabuni kutafuta maisha. Alikuwa kwenye kikundi cha maombi chenye masharti makali, na kwa ajili ya kikundi hicho aliacha kazi, simu, na sisi sote. Jina la kikundi silitaji, na jina lake mwenyewe ni lake. Nimemwomba ruhusa ya kuandika. Amesoma kabla yako, na sehemu mbili alizoniambia nifute, nimefuta.

Siku aliyorudi Mama Mkubwa alipika wali wa nazi na samaki. Tukatandika mkeka, sinia katikati kama tulivyozoea. Dada akachukua sahani, akapakua wali mtupu vijiko viwili, akaenda kula chumbani peke yake. Kule alifundishwa kwamba kula chombo kimoja na mtu asiye wa kikundi ni kujichafua, hata kama mtu huyo ndiye aliyekunyonyesha. Mama Mkubwa hakusema kitu. Aliendelea kutuchambulia samaki miiba kama watoto wadogo, machozi yanamtoka.

Tulidhani akirudi, mambo yamekwisha. Kumbe ndiyo kwanza yalikuwa yanaanza. Tangu siku ile nimekuwa nikijiuliza: mtu akishatoka kwenye kikundi kama kile, familia ina haki ya kumdai nini? Na yeye ana haki ya kutudai nini?

Si mambo ya mbali

Sisi wa pwani hii hatuwezi kusema habari hizi ni za watu wengine. Ukitoka Tanga, ukavuka mpaka pale Horohoro, ukapita Mombasa na Kilifi, unafika Malindi. Upande wa bara wa Malindi ndiko uliko msitu wa Shakahola. Kuanzia Aprili 2023, zaidi ya miili 400 ilifukuliwa katika msitu ule, mingi ya watu waliofunga mpaka kufa wakiamini wanakwenda kumwona Yesu. Kiongozi wao, Paul Mackenzie, alishtakiwa pamoja na wenzake, nao wakakana mashtaka.

Lakini kuna habari moja ya Shakahola ambayo wengi tuliipita haraka. Juni 2023, watu 65 kati ya waliookolewa walifikishwa mahakamani Shanzu, wakishtakiwa kwa kujaribu kujiua. Kisa? Walikuwa wamekataa kula katika kituo walikohifadhiwa. Hebu fikiria. Wameshatolewa msituni, chakula kipo mbele yao, hakuna anayewazuia, na bado hawali. Miguu ilikuwa imetoka, dhamiri ilikuwa imebaki kule.

Na tusijidanganye kwamba Ukatoliki wetu ni chanjo. Kule Kanungu, Uganda, tarehe 17 Machi 2000, mamia ya watu waliteketea ndani ya kanisa la kikundi kilichojiita cha kurudisha Amri Kumi za Mungu. Waanzilishi wake walitoka kwetu, na kati ya viongozi alikuwemo padre, Dominic Kataribabo. Rozari mkononi haimzuii mtu kupotea, kama hiyo rozari imegeuzwa kamba.

Nilivyokosea mimi

Sasa naomba nikiri. Mimi nilirudi nyumbani na digrii ya falsafa bado inanukia wino. Nikajiona mimi ndiye mtu hasa anayehitajika. Kila jioni nilikaa na Dada barazani, nikawa nabomoa mafundisho ya kiongozi wake moja baada ya jingine. Akitaja ndoto, ninamwonyesha kwamba ndoto haithibitishi kitu. Akitaja mstari wa Mathayo 10, kuhusu kumpenda baba au mama kuliko Kristo, ninamfungulia Marko 7, pale Yesu anapowakemea watu waliotumia nadhiri kwa Mungu kama kisingizio cha kutowasaidia wazazi wao. Hoja zangu zilikuwa sawa. Nilishinda kila jioni.

Siku moja nilimwambia, "Kuanzia kesho utakula na sisi. Nimeshakuonyesha kwamba hakuna dhambi."

Akaniangalia muda mrefu, kisha akasema taratibu, "Sawa, Frateri. Kwa hiyo sasa wewe ndiye kiongozi wangu?"

Niliishiwa maneno. Kwa miaka minne mtu mmoja alimwambia ale nini, ale na nani, avae nini, aombe saa ngapi. Nami nimekuja na Biblia ileile na sauti ileile, ninampangia ale na nani. Tofauti ilikuwa moja tu, kwamba mimi nilikuwa sahihi. Lakini yeye angejuaje kwamba mimi niko sahihi, ikiwa hana ruhusa ya kupima?

Hapo ndipo nilipokumbuka somo ambalo darasani nililifaulu bila kulielewa. Mtakatifu Thoma wa Akwino anafundisha kwamba mtu anayetenda kinyume cha dhamiri yake anakosea, hata kama dhamiri hiyo imepotoka. Anaongeza kwamba dhamiri iliyopotoka haimwondolei mtu lawama kila wakati, kwa maana tunao wajibu wa kuutafuta ukweli. Mambo hayo mawili yanakwenda pamoja. Dada akila kwenye sinia huku moyo wake unamwambia anamkosea Mungu, nisijisifu kwamba nimemwokoa. Nitakuwa nimemfundisha tena lilelile alilofundishwa kule: nyamazisha moyo wako, mwenye sauti kubwa ndiye anayejua.

Kosa kubwa la kikundi kile halikuwa kwamba kilimpa majibu mabaya. Kilimnyang'anya kazi ya kujibu. Na mtu aliyenyang'anywa kazi hiyo haponi kwa kupewa majibu mazuri. Anapona akirudishiwa kazi yake.

"Na wewe je?"

Dada hakuishia hapo. Jioni nyingine aliniuliza, "Na wewe je? Unaamka kwa kengele. Unaomba ruhusa kwenda kumsalimia mama yako. Mnafunga, mnapangiwa simu, mna mkubwa wa kumtii. Mimi na wewe tofauti yetu nini?"

Nilimjibu harakaharaka kwamba sisi ni Kanisa. Akatabasamu, akasema hata wao walisema hivyo. Usiku ule sikulala vizuri.

Nimelifikiria swali lake kwa miezi kadhaa, na jibu langu leo ni hili. Ukali wa masharti haupimi kitu. Wamonaki wana masharti magumu kuliko kikundi cha Dada, na wako huru. Pima mambo matatu.

Kwanza, mlango. Nikiamua kesho kutoka seminarini, nitaumia, wazazi watasikitika, lakini hakuna atakayeniambia kwamba nimelaaniwa. Sheria ya Kanisa, kanuni ya 219, inasema waamini wote wana haki ya kutoshurutishwa katika kuchagua hali ya maisha. Dada aliambiwa kwamba akitoka, mama yake atakufa. Alitoka akiwa anaamini hivyo. Kwa wiki tatu za kwanza alikuwa anaamka usiku kwenda kusikiliza kama Mama Mkubwa bado anapumua.

Pili, siri za moyo. Kanuni ya 240 inakataza kumwuliza muungamishi au mlezi wa kiroho maoni yake pale inapoamuliwa kama mseminari apewe daraja au aondolewe seminarini. Kwa nini? Kwa sababu Kanisa linajua kwamba anayeshika siri za moyo wako na hatima yako kwa mkono uleule, amekushika wewe mzima. Kule kwa Dada kiongozi alisikiliza madhambi yao, kisha akayatangaza mbele ya wote kila mtu alipoonyesha dalili ya kuuliza swali.

Tatu, nani yuko juu ya mkubwa. Gombera wangu anajibu kwa askofu, askofu anajibu kwa wengine, na wote wako chini ya Injili ambayo hata mimi ninaweza kuifungua na kuisoma. Kiongozi asiye na mtu wa kumwuliza ni hatari, awe na kanzu au asiwe nayo. Na hapa niseme ukweli: yapo mazingira hata ndani ya Kanisa letu ambapo kipimo hiki kinatuumbua. Ukikuta kikundi cha sala ambacho kuuliza ni dhambi, usisubiri. Ongea na paroko wako, ongea na wazazi.

Basi tukae tu?

Utaniuliza, Frateri, kwa hiyo mtu aachwe afanye anavyotaka kwa sababu ni dhamiri yake? Hapana. Wakati wa mvua za vuli Dada alishikwa na homa kali, na kule walifundishwa kwamba dawa ni kukosa imani. Siku ile hatukufanya mjadala wowote. Mama Mkubwa alimfunga kanga, tukamwingiza kwenye bajaji, tukaenda hospitali. Ilikuwa malaria. Alinuna siku mbili, na Mama Mkubwa akasema, "Ninune nawe nikiwa naye, kuliko nicheke nikiwa simwoni."

Uhai ukiwa hatarini, unamshika ndugu yako mkono, kama wale waokoaji wa Shakahola walivyopaswa kuwashika watu. Lakini kumwokoa mtu asife si kibali cha kumtawala akishapona. Familia nyingi zinachanganya hapa. Tunamtoa ndugu kwenye kikundi, kisha tunataka atulipe kwa kuwa vile tunavyotaka: aolewe haraka, acheke tunapocheka, asahau tulivyomwambia asahau, na kila Jumapili akae benchi la mbele ili majirani waone amepona.

Nimesoma tena Injili mbili. Katika Yohana 11, Lazaro anatoka kaburini akiwa hai, lakini bado amefungwa sanda mikono na miguu. Yesu aliyeweza kumfufua angeshindwa kuzifungua? Hakuzifungua. Aliwaagiza watu waliosimama pale wamfungue. Na katika Marko 5, baada ya kumfufua binti Yairo, aliwaambia wapewe kazi ya kawaida kabisa: binti apewe chakula. Naona Bwana anafanya lile ambalo sisi hatuliwezi, kisha anatuachia tunaloliweza. Sanda inafunguliwa taratibu, na anayefungua hapaswi kumfunga mtu upya kwa kitambaa chake mwenyewe.

Mama Mkubwa, ambaye hakusoma falsafa, alilijua hilo kabla yangu. Alianza kumwuliza Dada maswali madogo. Leo tupike nini? Tununue dagaa au mchicha? Unataka kwenda Misa ya kwanza au ya pili, au leo utapumzika? Mwanzoni Dada alikuwa anatetemeka kabisa, anasema, "Chagua wewe, mama." Mama Mkubwa alikuwa anakaa kimya, anasubiri. Siku nyingine tulikula saa nne usiku kwa sababu ya kusubiri huko. Mimi njaa ilinisumbua, lakini sasa naelewa tulikuwa tunasubiri nini.

Sahani

Ikafika Ramadhani. Jirani yetu wa nyumba ya pili ni Mwislamu, na tangu tuko wadogo anatuletea futari. Alileta mihogo ya nazi na kalimati, akamsalimia Dada kwa furaha, akaondoka. Kule kwenye kikundi, chakula cha mtu kama huyu kilikuwa kinatupwa. Hatukusema kitu. Dada naye hakukila siku ile.

Lakini unajua mila zetu za pwani, sahani ya jirani hairudi tupu. Usiku Dada aliloweka mchele, hakuna aliyemtuma. Siku ya pili jioni akakaanga vitumbua, akapanga kumi kwenye ile sahani, akaifunika kwa kitambaa. Karibu na magharibi akavuka uwanja mwenyewe kuirudisha. Alikaa huko karibu nusu saa. Aliporudi alikaa mkekani pembeni yangu, akachovya tonge la kwanza kwenye sinia, akasema, "Mmezidisha chumvi."

Bado hajapona kabisa. Misa anakuja siku nyingine, siku nyingine hawezi, kwa sababu nyimbo fulani zinamrudisha kule. Mama Mkubwa bado anaumia kwa miaka minne aliyoikosa, na hiyo nayo ni haki yake. Mimi nimejifunza kuuliza kabla ya kueleza, ingawa ulimi wangu bado unawahi.

Kijana mwenzangu, kama kuna ndugu aliyerudi nyumbani kwenu, wiki hii usimpe hotuba. Mpe swali moja dogo la kuchagua, kisha subiri. Na kama wewe ndiye uliyerudi, usijilaumu kwamba bado unatetemeka. Uko hai, na hilo ndilo la kwanza.

Tuombe: Ee Bwana Yesu, uliyewaachia ndugu kazi ya kumfungua aliye hai, tupe mikono yenye subira. Utuepushe na tamaa ya kutawala mioyo ambayo wewe mwenyewe umeiacha huru. Wakumbuke wote waliopotea Shakahola na Kanungu, na familia zinazowalilia. Mama Maria, uliyemtafuta Mwanao siku tatu, utuombee. Amina.